Nani Alishika Ufunguo? Historia ya Uelewa na Matumizi ya Rasilimali za Kidijitali katika Maktaba za Vyuo Vikuu Tanzania

Imezoeleka kueleza matumizi hafifu ya rasilimali za kidijitali miongoni mwa wanafunzi kwa sababu mbili: udhaifu wa intaneti na uvivu wa kutafuta. Insha hii inadai kuwa ipo sababu ya tatu, nayo ni ya kihistoria: namna rasilimali hizo zilivyoingia vyuoni.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961, ilijitambulisha yenyewe. Mwanafunzi aliliona jengo, akapekua kadi za katalogi, akaifikia rafu. Kujua na kutumia vilikwenda pamoja.

Majarida ya kielektroniki yalikuja kwa njia nyingine. Mpango wa HINARI ulianzishwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani. AGORA ukafuata mwaka 2003 chini ya Shirika la Chakula na Kilimo. Taasisi za nchi zenye kipato kidogo zilipata majarida bure au kwa ada ndogo. Hata hivyo, taasisi iliyosajiliwa ilipewa nywila ya pamoja na kutakiwa kutoitangaza hadharani. Mkutubi akawa mlinzi wa ufunguo. Mwanafunzi ambaye hakuambiwa hakuwa na mahali pa kuuona mlango.

Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na hoja ya intaneti ikaanza kupungua uzito. Mwezi Novemba 2018 ilizinduliwa maktaba mpya ya Mlimani, yenye nafasi ya vitabu 800,000 na wasomaji 2,100. Jengo hilo huonekana kutoka mbali. Hifadhidata haionekani mpaka mtu aelekezwe.

Kwa mwanafunzi anayeandika tasnifu kwa Kiswahili, kikwazo huwa maradufu. Hifadhidata nyingi za kimataifa zimefaharasishwa kwa Kiingereza. Istilahi zake za Kiswahili huambulia matokeo machache, naye huweza kuhitimisha kwamba hakuna kilichoandikwa.

Kwa hiyo, hojaji inayomuuliza mwanafunzi kama anatumia rasilimali hizo, bila kuchunguza nani alimpa ufunguo, lini na kwa lugha gani, humpima mwanafunzi na kuiacha taasisi. Hazina huria za tasnifu zimeondoa nywila. Kilichobaki ni mafunzo ya utafutaji tangu mwaka wa kwanza, pamoja na maneno msingi ya Kiswahili katika kila kazi inayohifadhiwa.