Kwa nini SMS moja inakata mbili?

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, umewahi kutuma bei ya mahindi kwa SMS moja ukakatwa mbili kwenye kifurushi? Chanzo chake ni cha zamani.

Mwaka 1985, Mjerumani Friedhelm Hillebrand, mmoja wa waliopanga viwango vya simu za mkononi Ulaya, aliandika sentensi za kawaida kwa taipureta, akahesabu herufi, alama na nafasi. Karibu zote hazikuzidi 160. Akalinganisha na postikadi na teleksi, akaona zinatosha. SMS ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992.

Nafasi 160 ni za herufi za kawaida tu. Ukiweka emoji moja, zinashuka hadi 70. Hata alama ya ng'ombe, simu ikiiandika ikiwa imepinda (’) badala ya kunyooka ('), inaweza kuzishusha hivyo hivyo.

Kwa hiyo ukiwatangazia wanakikundi 50 siku ya chanjo ya kuku, andika kwa ufupi, ondoa emoji, hakiki alama zako. La sivyo, SMS 50 zitahesabiwa 100.