Riale ya mwaka 1780

Malkia Maria Theresa wa Austria alifariki mwaka 1780, lakini riale yenye sura yake iliendelea kupigwa chapa kwa tarehe ileile, na Uhabeshi uliipokea kwa zaidi ya karne moja. Mfanyabiashara aliigeuzageuza mkononi, akikagua kwa kidole vito vya pini iliyo begani mwa malkia, kuhakikisha havijafutika. Mtu anaweza kusema thamani yake ilitokana na madini tu, maana ilibeba zaidi ya gramu 23 za fedha safi. Hoja hiyo ina uzito, ila haitoshi. Mwaka 1918 Italia ilitoa riale yake kwa ajili ya Eritrea, ya fedha pia, uzito uleule, sura ya kushabihiana, watu wakaikataa. Kila mmoja alihofu kwamba jirani hataipokea, akaikwepa, na kwa kuikwepa akaipa hofu ya jirani ushahidi. Imani iliyojengwa kwa mazoea ya vizazi haihamishwi kwa amri. Nadhani ndiyo maana Uhabeshi, ulipoleta noti mpya mwaka 1945, uliziambatanisha na sarafu ya fedha ya senti 50: mchuuzi alihitaji kitu cha kushika wakati akijifunza kuiamini karatasi.