Jina na Tarehe Yake: Historia Fupi ya Vitambulisho vya Mchapishaji Mdogo

Katika sanduku la babu yangu, hapa Lubumbashi, kuna vitambulisho viwili vya mtu mmoja. Cha kwanza kinamwita Joseph, na mji wake ni Élisabethville. Cha pili kilitolewa baada ya mwaka 1972, Rais Mobutu alipowataka raia waache majina ya Kizungu: Joseph hayupo tena, mji ni Lubumbashi, nchi ni Zaire. Mwanahistoria akivisoma vyote viwili hachanganyikiwi, maana kila kimoja kina tarehe. Katika insha hii nitaonesha kwamba intaneti nayo ilikuja kuhitaji somo hilohilo, na walioliona hitaji hilo kwa uchungu zaidi ni wachapishaji wadogo.

Kitambulisho katika intaneti ni jina linalotofautisha kitu kimoja, tuseme makala au picha, na vingine vyote. Ili majina yasigongane, lazima awepo mwenye mamlaka ya kuyagawa. Katika miaka ya 1970 mamlaka hayo yalikaa mahali pamoja: faili moja la majina ya kompyuta za mtandao wa ARPANET lilitunzwa na ofisi iliyoongozwa na Elizabeth Feinler katika taasisi ya SRI, California. Mtandao ulipokua, faili likaelemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo wa majina ya vikoa. Humo mamlaka hugawanyika kama matawi ya mti: mwenye tawi hugawa majina yaliyo chini yake bila kumwomba mtu ruhusa.

Mfumo huo ulimpa mtu binafsi nguvu. Akilipia kikoa, anapata kiwanja chake cha majina. Lakini kiwanja hicho ni cha kupanga. Ada isipolipwa, kikoa huachwa huru na mwingine hukichukua. Kampuni kubwa ina karani wa kukumbuka malipo. Mwandishi mmoja hana. Mimi mwenyewe, nikiwa sekondari, nilichapisha mazungumzo yangu na wazee waliofanya kazi katika reli, chini ya kikoa cha rafiki yangu. Hakuna aliyekumbuka ada. Leo anwani ile, ambayo mwanafunzi mwenzangu aliitaja katika tasnifu yake, inampeleka msomaji kwenye duka la viatu. Wawili kati ya wazee wale wameshafariki.

Hata dola halikuwa na usalama. Jon Postel, aliyesimamia ugawaji wa majina ya juu ya intaneti, aliandika mwaka 1994 kwamba si kazi ya ofisi yake kuamua ipi ni nchi na ipi si nchi. Walifuata orodha ya ISO 3166. Basi Zaire ilipoitwa tena Kongo, Mei 1997, herufi .zr zilipoteza msingi wake. Mwaka huohuo ikaja .cd, kwa kuwa .cg ilikuwa tayari ya Kongo-Brazzaville. Mwaka 2001 .zr ilifutwa kabisa. Tawi likikatwa, majani yote huanguka nalo.

Zilikuwapo njia nyingine. Vitabu vina ISBN, iliyofanywa kanuni ya kimataifa mwaka 1970, na makala za kitaaluma zina DOI. Lakini zote hupitia wakala aliyeidhinishwa. Ipo pia UUID, namba ndefu ambayo kompyuta yoyote yaweza kuitengeneza bila ruhusa, ila binadamu akiitazama haimwambii chochote.

Oktoba 2005 Tim Kindberg na Sandro Hawke walitoa waraka wa RFC 4151 unaoeleza kitambulisho kinachoitwa tag. Huandikwa hivi: tag:example.org,2004:historia/reli. Maana yake ni kwamba jina hili limetolewa na yule aliyekuwa na kikoa example.org tarehe 1 Januari 2004. Asiye na kikoa aweza kutumia anwani yake ya barua pepe. Atakayekichukua kikoa baadaye ataandika tarehe ya wakati wake, na majina yake hayatagongana na ya yule aliyemtangulia. Hakuna ada wala ofisi ya kuandikisha. Desemba mwaka huohuo kanuni ya Atom ilidai kila makala katika mlisho iwe na kitambulisho cha kudumu, na wachapishaji wengi wadogo wakatumia tag.

Njia hii ina mipaka yake. Tag ni jina tu, si njia: haimpeleki msomaji mahali makala ilipo. Tena daftari la majina liko mikononi mwa mchapishaji mwenyewe, naye akilitumia jina moja mara mbili, hakuna wa kumzuia. Tag isingeyaokoa mazungumzo yangu na wazee wa reli kama hakuna aliyeweka nakala. Lakini nakala ingepatikana popote, ingejulikana kuwa ndiyo ileile.

Hapo ndipo ninapoona hoja ya historia. Wahandisi walitafuta jina lisilobadilika. Wawili hawa walikubali kwamba wenye majina hubadilika, wakaandika lini. Babu angewaelewa. Hajatupa hata kimoja kati ya vitambulisho vyake.