Mgonjwa Mmoja Kati ya 33

Leo tusome habari za saratani.

Huko Marekani madaktari walijaribu dawa ambayo yenyewe haiui saratani, bali huwafungulia njia askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu. Waliopewa walikuwamo wagonjwa 33 wa saratani ya utumbo mpana. Uvimbe ulipungua kwa mmoja tu. Kwa nini yeye?

Wewe unakilipo barua huenda ukakosea herufi, na mwalimu akakusahihisha. Kila chembe ya mwili igawanyikapo hunakili maandishi yake ya urithi, nayo ina wasahihishaji wake. Madaktari wa mji wa Baltimore walipoupima uvimbe wa mgonjwa yule, waliona wasahihishaji wameharibika. Makosa yakilimbikana hivyo, saratani hupata sura ngeni, hata askari wakaitambua. Ajabu, sivyo? Makosa yaliyoikuza ndiyo yaliyoifichua.

Mwaka 2015 walitangaza habari za wagonjwa wengine wa utumbo. Kati ya 10 wenye kasoro hiyo, uvimbe ulipungua kwa 4. Kati ya 18 wasio nayo, hakuna hata mmoja. Mei 2017 serikali ya Marekani ikaruhusu dawa ya namna hiyo kwa wenye kasoro hiyo walioshindikana kwa dawa nyingine, saratani iwe imeota utumboni, tumboni au katika kizazi.