Rasimu Zenye Kelele: Kanda za Metallica Kabla ya Umaarufu

Tukikipenda kitabu sana, wengi wetu hatutosheki na nakala iliyochapwa. Tunataka kuuona mswada: mwandishi alifuta wapi, aliongeza nini, mhusika gani alitupwa nje kabla kitabu hakijafika dukani. Mimi nina tamaa hiyohiyo kwenye muziki, na bendi iliyonishika zaidi ni Metallica. Albamu zao zinajulikana dunia nzima, lakini leo sizungumzii albamu. Nazungumzia kanda zilizorekodiwa jukwaani mwaka 1982 na mwanzoni mwa 1983, wakati hawa jamaa walikuwa vijana wa miaka 18 hadi 21, bila albamu na bila pesa.

Hebu tuanze na wenyewe. Lars Ulrich, mpiga drami, alizaliwa Denmark na kuhamia California na wazazi wake. Alikuwa mwendawazimu wa bendi mpya za hevi metali za Uingereza, kiasi kwamba mwaka 1981 alifunga safari hadi huko na kuifuata bendi ya Diamond Head kila ilikokwenda. Aliporudi aliungana na James Hetfield, waliyejuana kupitia tangazo la gazeti. Ron McGovney akashika besi, Dave Mustaine akashika gitaa la solo.

Onyesho lao la kwanza lilifanyika tarehe 14 Machi 1982 katika klabu ya Radio City, mjini Anaheim. Ulrich aliweka daftari la maonyesho, na kwa usiku ule aliandika kwamba watu walikuwa kama 75, malipo yalikuwa dola 15, na Mustaine alikata waya wa gitaa kwenye wimbo wa kwanza kabisa. Nyimbo nyingi walizopiga hazikuwa zao. Walikuwa wakipiga za Diamond Head na wenzao wa Uingereza, na kwa kuwa watu wa California wengi walikuwa hawajazisikia, hawakuwa na haraka ya kumsahihisha yeyote aliyedhani ni zao.

Julai 1982 walirekodi nyimbo saba studioni na kuzitoa kwenye kaseti iliyoitwa No Life 'Til Leather. Kaseti hii haikuuzwa madukani. Ilinakiliwa. Ukiipata, unamnakilia rafiki, rafiki anaituma kwa posta kwa mtu aliye jimbo jingine, naye anakurudishia kanda ya bendi usiyoijua. Huko Marekani na Ulaya kulikuwa na mtandao mzima wa vijana wa namna hii, waliobadilishana orodha za kanda kwa barua kama watoto wanaobadilishana stempu. Aliyekuwa na kanda adimu alikuwa mtu mzito.

Novemba 29, 1982, bendi ilipiga katika klabu ya Old Waldorf, San Francisco. Onyesho lile likarekodiwa, nalo likaingia kwenye mzunguko kwa jina la matusi ambalo bendi ilikusudia kuliweka kwenye albamu yao ya kwanza. Hii ndiyo kanda ninayoirudia mara nyingi zaidi.

Kwanza, ubora wake. Si mzuri, tuseme ukweli. Kila kaseti inaponakiliwa kutoka kaseti nyingine, mvumo unaongezeka na sauti za juu zinafifia. Matoazi yanageuka kuwa kama mchanga unaomwagwa. Na kwa kuwa mashine mbili za kaseti mara chache huzunguka kwa kasi moja, nakala nyingine zinapanda sauti kidogo, nyingine zinashuka. Wapenzi wa kanda walihesabu vizazi: kizazi cha kwanza, cha pili, cha tano. Aliyewahi kurekodi nyimbo redioni kwa kaseti, na kuurudisha utepe kwa kalamu ya Bic ulipokwama, anajua ninachosema. Hakuna nakala mbili zilizo sawasawa, kama ilivyokuwa kwa maandishi yaliyonakiliwa kwa mkono kabla ya kiwanda cha uchapaji.

Pili, watu. San Francisco iliwapokea tofauti na Los Angeles. Los Angeles ya wakati ule ilipenda bendi za nywele zilizotengenezwa na vipodozi usoni, na hawa walivaa jinzi na fulana. Kwenye kanda ya Old Waldorf unasikia umati unaoelewa kinachopigwa. Kelele zao ni sehemu ya rekodi, na huwezi kuzitenganisha na magitaa.

Tatu, na hapa ndipo kuna jambo lenyewe, unasikia rasimu. Chukua wimbo wa The Mechanix. Mustaine alikuja nao mwenyewe. Ni wa kasi, na maneno yake ni mafumbo ya ngono yaliyovikwa lugha ya magari na gereji, utani wa vijana wa kiume tu. Kwenye albamu ya kwanza, Kill 'Em All, muziki uleule umekuwa The Four Horsemen: umerefushwa, umewekewa sehemu ya katikati iliyo tulivu zaidi, na mashairi yameandikwa upya kuhusu wapandafarasi wanne wa Ufunuo wa Yohana. Kutoka gereji hadi kiama! Mhariri yeyote angetamani kuwa na matoleo yote mawili mezani. Bila kanda, tungekuwa na la pili tu, na tungedhani wimbo ulizaliwa hivyo.

Siku moja baada ya Old Waldorf, McGovney alipiga onyesho lake la mwisho nao. Wenzake walikuwa wameshamwona Cliff Burton, mpiga besi wa bendi ya Trauma, na walimtaka yeye. Burton aliwapa sharti moja: hahamii Los Angeles, wao ndio wahamie kwake, eneo la San Francisco. Wakahama. Machi 1983 akaanza kupiga nao katika klabu ya The Stone.

Mwezi uliofuata, Aprili, wakasafiri kwa gari hadi New York kurekodi albamu. Jon Zazula, aliyekuwa na duka la rekodi katika soko la mitumba huko New Jersey, alikuwa ameisikia ile kaseti na akaamua kuwasaidia. Tazama kazi ya nakala: mtu aliye upande wa pili wa nchi anaikuta kanda dukani kwake, na maisha ya vijana wanne yanabadilika. Lakini kwa Mustaine safari iliishia hapo. Tarehe 11 Aprili wenzake walimwamsha, wakamwambia amefukuzwa kwa sababu ya ulevi na ugomvi, na wakampandisha basi kurudi California. Siku tano baadaye Kirk Hammett alikuwa jukwaani mahali pake.

Kill 'Em All ilitoka Julai 25, 1983. Mustaine ametajwa kuwa mmoja wa watunzi wa nyimbo nne kati ya kumi, na baadhi ya solo za Hammett zinaanza kwa alichokuwa akipiga Mustaine. Ila ukiisikiliza albamu nzima, yeye humsikii hata sekunde moja. Alikwenda kuunda Megadeth, akaurekodi Mechanix kwa njia yake mwaka 1985, na kwa miongo kadhaa ameendelea kulilalamikia jambo hili. Kaseti ya 1982 ilipotolewa rasmi mwaka 2015, ilitoka kwa kaseti. Mustaine amesema hadharani kwamba mazungumzo ya kuitoa kwa upana zaidi yalikwama kwenye suala la nani aandikwe mtunzi.

Historia rasmi huandikwa na waliobaki. Simtetei Mustaine, kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa mtu mgumu kuishi naye. Lakini kufukuzwa kwenye bendi ni jambo moja, na kufutwa kwenye sauti ni jambo jingine. Wale vijana waliorekodi na kunakili bila ruhusa ndio waliohifadhi ushahidi wake.

Walimhifadhi na Burton pia. Septemba 27, 1986, basi la bendi lilipinduka Sweden naye akafa, akiwa na miaka 24. Mwaka uliofuata bendi ilitoa video ya kumkumbuka, Cliff 'Em All, na sehemu kubwa yake ni picha zilizopigwa na mashabiki kinyemela. Mojawapo ni ya The Stone, Machi 1983, Burton akipiga solo yake ya besi, na Mustaine yumo kwenye jukwaa hilohilo. Waliobaki walipotaka kumwona rafiki yao tena, iliwabidi waende kwa watu walioiba sauti zao.

Kwa hiyo Aprili 2000, Metallica walipoishtaki Napster, na baadaye kupeleka majina ya watumiaji zaidi ya 300,000, wengi waliumia. Hoja ya bendi ninaielewa: kaseti kumi kwa posta si sawa na mamilioni ya nakala kwa usiku mmoja, na wimbo ambao haujakamilika uliokuwa umevuja ulikuwa mali yao. Msanii ana haki ya kusema rasimu yake haijawa tayari. Ila huwezi kulisahau soko la mitumba la New Jersey. Bendi ilijengwa na nakala ambazo haikuzitoza pesa.

Msimamo wangu ni huu. Rasimu ikiwa bado mikononi mwa mtunzi, ni yake. Ikishapigwa mbele ya watu 75 waliolipa kiingilio, basi na wao wana fungu lao la kumbukumbu. Tafuta kanda ya Old Waldorf, weka The Mechanix, kisha weka The Four Horsemen. Utasikia kilichoboreshwa, na utamsikia aliyeachwa kituo cha basi.