Sukari Lubumbashi: toka mizizi ya munkoyo mpaka saché ya rangi

LUBUMBASHI – Asubuhi katika mitaa ya Katuba, Kenya na Ruashi, wakaaji wengi huanza siku kwa chai ya sukari na vitumbua. Kwa familia nyingine zilizokimbia vita, chakula hicho ndicho kinachowapeleka mpaka jioni. Mtu anaweza kufikiri kwamba sukari imekuwapo hapa tangu zamani. Sivyo. Historia yake katika Katanga ni fupi, nayo inasaidia kuelewa ugonjwa ambao wazee wa zamani hawakuuzungumzia sana na ambao leo kila mtaa unaujua kwa jina: ugonjwa wa sukari.

Zamani, utamu wa Katanga ulitoka msituni na shambani. Kulikuwa na asali ya misitu ya miombo, iliyopatikana kwa kazi na kwa majira yake. Kulikuwa pia na munkoyo. Mama alipika uji mwepesi wa unga wa mahindi, akauacha upoe kidogo, kisha akatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Ndani ya mizizi hiyo mna vimeng'enya vinavyokata wanga wa mahindi na kuugeuza kuwa sukari. Baada ya saa chache uji unakuwa mwepesi na mtamu, na kesho yake umekuwa mchachu. Utamu huo ulikuwa mdogo, haukukaa, na aliyeutengeneza alijua ulikotoka.

Sukari ya muwa ina historia nyingine, na watu wa Kongo walikuwemo tangu mapema. Katika karne ya 16, Wareno walilima miwa katika kisiwa cha São Tomé, baadaye Brazil. Waliofanya kazi hiyo walikuwa watumwa, wengi wao wakiwa wametolewa Kongo na Angola. Mwaka 1526 mfalme Afonso I wa Kongo alimwandikia mfalme wa Ureno, João III, akilalamika kwamba wafanyabiashara walikuwa wakikamata watu wake, hata watoto wa wakubwa. Hivyo Wakongo wengi waliijua sukari kwa jasho kabla ya kuijua kwa kikombe.

Katika Katanga, mambo yalibadilika haraka mwanzoni mwa karne ya 20. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na reli toka kusini ikafika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mfanyakazi wa mgodi alipewa posho ya unga, mafuta, chumvi, nyama au samaki. Chai, mkate na sukari viliingia pamoja na maisha ya kambi na mshahara. Sukari ikawa alama ya mji na ya ukarimu: mgeni akifika, chai yake isikose utamu. Lakini ilinunuliwa kwa pesa, ikawekwa juu ya kabati, na mama wa nyumba ndiye aliyehesabu vijiko.

Kongo yenyewe ilikuwa ikitengeneza sukari. Kulikuwa na kiwanda cha Kwilu-Ngongo huko Kongo-Central, na toka miaka ya 1950 kiwanda cha Kiliba karibu na Uvira, katika bonde la Ruzizi. Kile cha Kiliba kilisimama mwaka 1996, vita vilipoanza Kivu ya Kusini. Familia zilizotoka huko zinakumbuka vizuri mashamba yale ya miwa. Wakati huohuo Gécamines ilikuwa imeporomoka, mishahara na magunia ya unga vikakatika, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Sukari nyingi ya Lubumbashi ikawa ile inayopita Kasumbalesa toka Zambia. Nchi hiyo ilianza kutia vitamini A ndani ya sukari yake ya nyumbani mwaka 1998. Vitamini hiyo ni nzuri kwa macho, lakini haipunguzi kazi ya sukari mwilini.

Umaskini haukuondoa utamu; uliubadilisha sura. Mwaka 1879, mkemia Constantin Fahlberg aligundua sakarini katika chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Ni tamu mara 300 hivi kuliko sukari. Saiklameti ilifuata mwaka 1937, na asipatame mwaka 1965. Kwa kuwa kidogo tu kinatosha, utamu wake ni wa bei ya chini. Leo poda ya juisi ndani ya saché inaweza kuwa haina tunda, wala sukari nyingi, na bado ikawa tamu sana. Kwenye maandishi madogo ya saché dawa hizo zinaweza kuonekana kwa namba: E951 ni asipatame, E952 saiklameti, E954 sakarini.

Je, ni sumu? Mwezi wa Julai 2023, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka asipatame katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa ushahidi mdogo. Wataalamu wengine wa Umoja wa Mataifa waliacha kipimo cha zamani: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani, OMS, lilishauri watu wasitegemee vitamu hivyo ili kupunguza uzito.

Hatari iliyo wazi zaidi ni sukari isiyoonekana. Kopo la kola la mililita 330 lina gramu 35 hivi za sukari, yaani karibu vijiko vidogo 9. Tangu 2015 OMS inashauri mtu mzima asipite gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Anayekunywa sukre kila siku anajiongezea hatari ya kuoza meno, kunenepa na kupata kisukari. Mtoto wa chini ya miaka 2 hapaswi kupewa vinywaji hivyo kabisa.

Kuna mahali ambapo sukari huokoa maisha. Mtoto anayehara, kwenye kambi ama nyumbani, anahitaji SRO toka kituo cha afya. Ikikosekana: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Katika sukre, vijiko 9 vimo ndani ya theluthi ya lita. Wingi huo huvuta maji kuingia tumboni, na kuhara kunazidi. Kwa hiyo mtoto anayehara asipewe sukre.

Jambo la mwisho linawahusu zaidi waliohama makwao. Kisukari si ugonjwa wa wanene tu. Mwezi wa Aprili 2025, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali aina ya 5, inayowapata watu waliokulia katika njaa. Mtu anayekonda, mwenye kiu isiyoisha, anayekojoa mara kwa mara usiku, isisemwe tu kwamba ni mawazo ya vita, apimwe damu. Anayetumia insulini asiiache kwa sababu hana friji. Utafiti uliofanywa na Médecins Sans Frontières na chuo kikuu cha Geneva kuhusu joto la kambi ya Dadaab, Kenya, uliotoka mwaka 2021, ulionyesha insulini inabaki na nguvu wiki 4 katika joto la digrii 25 mpaka 37. Iwekwe kivulini, kwa mfano ndani ya chungu cha udongo kilicholoweshwa.

Bibi wa munkoyo hakujua neno kisukari, lakini alijua kilichomo ndani ya chungu chake. Kwenye chai, kijiko kingali mkononi mwa mama wa nyumba: vitatu vinaweza kuwa viwili, na viwili kuwa kimoja. Kwenye sukre na saché kijiko hicho kimeshikwa na kiwanda, na mnywaji hakioni.