Mawese, Chai na Maji ya Ziwa

Kuchora na watoto Kagunga hakuhitaji duka la rangi. Mawese yana rangi ya chungwa, na yakikolea karatasi hupitisha mwanga. Chai ya rangi iliyochemka mno hutoa kahawia. Ikizidi, tunaongeza maji ya ziwa. Wengi huchora Liemba. Wajerumani waliizamisha mwaka 1916 ikiitwa Graf von Götzen, injini zikiwa zimepakwa grisi (ujanja mzuri, lazima nikiri). Waingereza wakaiopoa 1924, ikarudi kazini 1927. Mei 2015 ilisomba wakimbizi wa Burundi kutoka ufuko huu hadi Kigoma. Maelfu walikuwa wamejazana hapa, wakinywa maji ya ziwa hili hili, na kipindupindu kikazuka. Ndiyo maana kopo letu la kuchovyea brashi halinywewi kamwe.